Sauti Ni Yangu na Mdomo Ni Wangu

Fundi Cherehani,
Mlango wa pili kutoka duka la dawa,
Mtaa wa Sokoni.

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Mizani na Vipimo.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUPIMWA KWA VIDEO KAMA MNAVYOPIMA MIZANI, NA KUTHIBITISHWA KWA SAUTI YANGU

Natumaini wewe na mizani yako yote hamjambo. Mimi mwili ni mzima, ila heshima yangu ndiyo mgonjwa, na baada ya kuhangaika huku na huko nimeona dawa yake iko ofisini kwenu.

Mimi ni fundi cherehani, mshonaji wa suti. Ofisa wako yule mnene mwenye miwani ananifahamu vizuri, maana kila akija kukagua mizani ya muuza mchele jirani yangu, huingia kwangu kupumzisha miguu, na huukagua utepe wangu wa kupimia hata kama hakuna aliyemwomba. Siku moja aliniambia, "Fundi, inchi ni inchi, avae tajiri avae maskini." Maneno hayo yalinikaa moyoni, na ndiyo yaliyonipa ujasiri wa kushika kalamu.

Binti yetu wa kwanza ameolewa. Harusi ilifana, walioalikwa walikuja na wasioalikwa walikuja mapema zaidi. Tuliyemkosa hasa ni mmoja tu, mama mkwe wangu, yaani bibi yake bibi harusi. Huyu mama ndiye aliyemlea binti yetu tangu anaota meno mpaka anaanza shule, wakati mke wangu yuko masomoni akisomea uuguzi. Wiki ile ile ya harusi aliteleza bafuni akavunjika mguu, akafungwa plasta kuanzia wayo mpaka juu ya goti. Anakaa mji mwingine, safari ya basi ya kutwa nzima, na daktari alikataa katakata. Alilia kwenye simu, kisha akajikaza kiutu uzima, akasema, "Basi, mke mwenzangu nitamwona kwenye video. Na huyo baba yake nitamsikia akihutubia. Tangu amwoe mwanangu sijapata kumsikia akimaliza sentensi."

Ndugu Mkurugenzi, hilo ni kweli tupu, na nalieleza ili uone uzito wa kesi. Mimi si mtu wa maneno. Katika kazi yangu mdomo ni wa kushikia pini. Mama mkwe akipiga simu nina maneno matatu tu: "Shikamoo, Mama," "Ndiyo, Mama," na "Nampa simu mwenzangu." Ukoo mzima wa mke wangu unaniita Bwana Kimya. Mama mwenyewe huwaambia wageni kwamba binti yake aliolewa na cherehani, na mimi nilikuja kama nyongeza.

Sasa siku ya harusi nilisimama, nikashika kipaza sauti, nikasema. Sijui maneno yalitoka wapi. Nilisimulia habari za gauni la kwanza nililomshonea mwanangu kwa mabaki ya bitana, na jinsi nilivyokuwa nikilifumua na kuliongeza kila alipokua, mpaka siku moja nikashika mkasi na kuona hapana tena pa kuongeza, mtoto amekwisha kuwa mtu mzima na gauni limebaki mkononi mwangu. Watu walitoa leso. Mpishi alilia hadharani. Hata mshereheshaji, ambaye kulia si sehemu ya mkataba wake, alishindwa kwa muda kutangaza keki. Nilipoketi nilijisemea moyoni: ngoja Mama aione hii.

Mpaka leo hajaiona. Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo:

1. Video kukataa kutambua wenye nayo.

Mpiga picha wetu, anayejulikana mjini kwa jina la Jicho, alinikabidhi flashi kwa mikono miwili kama mkunga anayekabidhi mtoto. "Mzee wangu," akasema, "hii ni ubora wa sinema." Nikaihamishia kwenye simu yangu, nikaita familia, tukasogeza viti. Simu ikaandika: Faili hili halitambuliki. Halitambuliki! Mke wangu yumo, binti yangu yumo, mimi nimo, tena nimevaa suti niliyoishona kwa mkono wangu, na simu inayolala mfukoni mwangu miaka yote hii inasema haitujui.

Nilipomrudia Jicho alisema video ni nzima, mgonjwa ni simu, haina kodeki. Nikauliza kodeki ni nini. Akasema ni kitu cha ndani. Ndugu Mkurugenzi, mteja wangu akija kulalamika kwamba suruali haipandi, simwambii suruali ni nzima ila miguu yake haina kitu cha ndani. Naifumua, basi.

2. Kuonekana bila kusikika.

Kaka wa mke wangu anauza makava na chaja za simu, na kwa sababu hiyo hujiona bingwa wa mambo yote yenye betri, nasi humwita Bingwa ili tuishi kwa amani. Yeye alisema simu ya Mama ni mpya kuliko yangu, kwa hiyo video itacheza bila shida. Akaiweka kwenye kadi ya kumbukumbu, tukaituma kwa basi, na mwalimu anayepakana na Mama akaichomeka. Ikacheza kweli. Picha safi mpaka vishikizo vinahesabika. Sauti, hakuna.

Mama akanipigia. "Mkwe, nimekuona."

"Ndiyo, Mama."

"Umesimama mbele za watu. Umefungua mdomo, umefunga. Umefungua, umefunga. Kama samaki kwenye ndoo."

"Mama, sauti..."

"Usijisumbue, mwanangu. Kila mtu na alivyoumbwa. Nimewaambia wenzangu hapa, angalau alisimama."

Bingwa alipoulizwa alijibu, bila hata kuinua kichwa, kwamba picha ina kodeki yake na sauti ina kodeki yake, na hizi mbili zinaweza kukaa kwenye faili moja bila kuelewana. Mke wangu akasema hilo yeye analielewa kabisa, amewahi kuishi na mawifi.

3. Kusikika bila kuonekana.

Mwalimu, kwa nia njema, akapakua programu nyingine ya kuchezesha video, ambayo inajitangaza kwamba inacheza kila kitu. Ikacheza kila kitu isipokuwa picha. Mama alisikiliza harusi ya mjukuu wake kwenye kioo cheusi mwanzo mpaka mwisho, akahitimisha kwamba umeme ulikatika. Habari ikaenea. Mjomba wa mke wangu alipiga simu akiwa na hasira: "Hivi mlishindwa hata kukodi jenereta? Mnaoza mtoto gizani kama mnamwiba?"

Tena programu hiyo ina matangazo. Bwana harusi alipoulizwa kama anakubali, kabla hajajibu aliingia dada mmoja mwenye sauti ya asali akauliza, "Je, unasumbuliwa na kunguni?" Ndipo kijana wetu akajibu, kwa sauti ya kutetemeka, "Ndiyo, kwa moyo wangu wote." Mama, kwa huruma za kibibi, amewatumia maharusi dawa ya kunguni kwa basi lile lile.

Hayo yote ningeyameza. Nisichoweza kumeza ni hiki. Alinipigia mimi, si mwanawe.

"Mkwe, yule bwana aliyesema habari za gauni ni nani?"

"Ni mimi, Mama."

Halafu alicheka, Ndugu Mkurugenzi. Alicheka mpaka akalalamika kwamba plasta inamuuma. "Haya, nipe mwanangu." Nikampa simu mwenzangu, nikasikia kila kitu kwa maana Mama husema kwa nguvu: "Mumeo ameanza utani, mshukuru Mungu. Lakini niambie kweli, yule bwana ni nani? Ana sauti inayoingia mpaka kwenye mifupa, hata huu uliovunjika umetulia. Ni wa upande wa bwana harusi, eeh? Wenzetu wana bahati."

Yaani sauti yangu imehamia kwa wakwe na hakuna aliyeitolea mahari.

4. Kugeuzwa miraba.

Hapo Bingwa akatangaza kwamba dawa ni kuigeuza video. Akafungua programu ya kugeuza kwenye kompyuta yake, ikatandaza orodha: MP4, AVI, MOV, MKV, 3GP, na nyingine nilizodhani ni namba za magari. Ikauliza tunageuzia simu gani. Simu ya Mama haikuwemo. Bingwa akasema tuchague inayofanana nayo. Nikamwambia, shemeji, hakuna fundi anayemshonea mtu kwa kupima anayefanana naye. Akanitazama kama mtu wa kale, akachagua ile fomati ndogo kuliko zote, "ili ifike haraka."

Mstari wa kugeuza ukapanda mpaka asilimia tisini na tisa, ukakaa hapo kama mgeni asiyejua kuaga. Nikarudi kwangu na kompyuta yake kwapani ili niuangalie nikiwa kazini, na kwa kuuangalia huko nililishona koti la mlinzi wa benki mikono yote miwili ikiwa ya kushoto. Amelivaa, ni mpole, ila sasa akimpigia saluti meneja wake inaonekana kama anamwonyesha njia ya kutokea.

Video ilipofika kwa Mama, watu wote walikuwa miraba. "Mkwe, yule mwenye umbo la kabati ndiye bwana harusi?"

Nikajikaza. "Hapana, Mama. Hiyo ni keki."

Na kwa kuwa hakuna mraba wenye mdomo, ushahidi wangu ukapotea kabisa.

5. Kuingizwa mgogoro na wakwe.

Bingwa akapata programu nyingine ya kugeuza, bora zaidi, ila ya kuonja. Safari hii watu walikuwa watu, lakini kifuani mwa bibi harusi, kutoka bega hadi bega, mwanzo wa sherehe mpaka mwisho, yalipita maandishi mekundu: TOLEO LA MAJARIBIO.

Mama hakunipigia mimi. Alimpigia mama wa bwana harusi kuuliza majaribio hayo yanaisha lini na aliyeyapitisha ni nani. Kesho yake baba wa bwana harusi alikuja kwangu amevaa suti niliyomshonea mimi, akakaa ncha ya kiti. "Tumesikia kijana wetu yuko kwenye majaribio," akasema. "Si vibaya. Ila tungependa kujua anapimwa katika nini."

Nilimwita Bingwa aje aeleze. Hilo lilikuwa kosa. Bingwa alikohoa kitaalamu, akasema, "Mzee, usiwe na wasiwasi. Yale maandishi yanaondoka mkilipia."

"Yaani," mzee akauliza taratibu, akianza kufunga vishikizo vya koti, "ndoa haijakamilika mpaka tulipie?"

Ilibidi wake zetu waingilie, na mpaka sasa salamu kati ya nyumba hizi mbili ni za kichwa tu, hazijashuka mkononi.

6. Sauti kumtangulia mwenye nayo.

Mwisho wa yote Bingwa alituma video yenye picha, yenye sauti, isiyo na maandishi. Nilishusha pumzi. Kumbe sauti ilikuwa inakwenda mbele ya picha. Bibi harusi alikubali kabla hajaulizwa, na Mama akasema hilo halimshangazi, mama yake naye alikuwa hivyo hivyo. Nilipofika mimi, hotuba ilianza nikiwa bado natembea, mdomo umefungwa, najifuta jasho. Nikafika kwenye kipaza sauti, watu wakawa wanapiga makofi. Ndipo nikaanza kufungua mdomo, na humo mdomoni ikatoka sauti ya mshereheshaji ikitangaza keki.

Mama alinipigia kwa sauti ya askari aliyemkamata mwizi ghalani. "Mkwe. Sasa nimeelewa. Yule bwana alikuwa nyuma ya pazia."

"Mama, mimi..."

"Sikulaumu hata kidogo. Umefanya busara kutafuta mtu wa kukusemea. Wengine hukodi magari, wewe umekodi sauti. Nimekuheshimu."

Ndugu Mkurugenzi, umewahi kuheshimiwa kwa namna hiyo? Na sumu hii imeshaingia nyumbani. Mke wangu, aliyekuwepo, aliyelia, aliyenishikia koti, juzi tukiwa mezani aliniangalia kwa pembe ya jicho akauliza, "Hivi yale yote ulisema wewe kweli?" Nilitaka kumjibu kwa maneno mazito, lakini mdomoni yalikuja mawili tu, nayo yalikuwa "Ndiyo, Mama." Asubuhi iliyofuata nilifunga mlango wa duka nikajaribu kuirudia ile hotuba peke yangu mbele ya kioo cha wateja. Nilifika kwenye bitana, nikakwama. Nikaanza kumwaza yule bwana wa nyuma ya pazia.

Kwa hoja hizo, na kwa kuwa mikate inapimwa, mafuta yanapimwa, na muuza mchele jirani yangu ana haya kwa sababu yenu, naomba Idara yako itekeleze haya:

(a) Kuwe na fomati moja ya video nchi nzima, ipigwe lakiri ya risasi kama mizani, na isiyo na lakiri isichezwe.

(b) Programu inayosema inacheza kila kitu ipelekewe kila kitu. Ikishindwa hata kimoja, ipelekwe mahakamani, kama anavyopelekwa anayesema kilo na kupima pungufu.

(c) Huyo Kodeki aitwe ajieleze. Mama ameuliza ni mtoto wa nani, na kama ana nguvu kiasi hicho kwa nini hakufika harusini.

(d) Yote hayo yakichelewa, harusi irudiwe chini ya usimamizi wenu, Mama akiwa kiti cha mbele, na wageni walie pale pale walipolia mwanzo. Mpishi amesema yuko tayari. Maharusi sijawauliza.

(e) Yule ofisa wako mnene asafiri nami mpaka kwa mama mkwe, akiwa na vyombo vyote vya kazi, aupime mdomo wangu, aipime sauti yangu, kisha atoe cheti chenye mhuri kwamba sauti tajwa ilitoka katika mdomo tajwa, siku tajwa, pasipo pazia. Niko tayari kujaribiwa mbele ya Mama mwenyewe. Ila atahadhari mapema kwamba mbele ya Mama sauti yangu ina kawaida ya kupungua uzito.

Nitashukuru nikijibiwa upesi, maana suti zimelundikana na mlinzi wa benki ameanza kuulizwa maswali.

Nisalimie wasaidizi wako wote, mama wa mapokezi, dereva, mlinzi wa geti, na yule ofisa mnene, mwambie suruali yake ya kijivu nimeiongeza kiunoni kimya kimya, hakuna atakayejua. Wasalimie na mama wakwe zenu wote, kwa sauti yoyote mtakayojaliwa kuwa nayo.

Wenu mwenye sauti na mdomo vilivyo vyake,

Fundi Cherehani.

N.B. Ndugu Mkurugenzi, nilikuwa ndiyo kwanza nabandika bahasha. Tafadhali usiifanyie kazi barua hii. Ichane. Imetokea kwamba shangazi mmoja, siku ile, aliirekodi hotuba yangu kwa simu yake akiwa ameketi meza ya nyuma, mkono ukimtetemeka na bega la mtu likiwa limeziba robo ya picha. Maharusi walipokwenda kumjulia Mama hali, wakamchezea hiyo. Ilicheza pale pale, picha, sauti na mdomo, vyote pamoja. Hakuna kilichogeuzwa, hakuna kilichopakuliwa. Mama aliiangalia mpaka mwisho, akaomba irudiwe, kisha akaagiza afungiwe mizigo. Maharusi wamemleta kwa gari. Anasema amepoteza miaka mingi akidhani ana mkwe bubu, na sasa atakaa kwetu mpaka mguu upone, na baada ya hapo pia, ili tuzungumze. Kwa hiyo fomati ziacheni zilivyo, na mkiweza ziongezeni, msipime chochote, wala yule ofisa asije. Mama yuko hapa dukani sasa hivi, ameketi kiti cha wateja, mguu juu ya kigoda, ananitazama mdomoni. Amesema, "Haya, mkwe, endelea." Nami sikuwa nimeanza.